Chumba cha Kuchovyea

Katika kiwanda cha baba mkwe wangu hakuna mlango unaofungwa. Mwenyewe hulisema kwa kujivuna mbele ya wateja, mkono mmoja umeshika kitasa: "Sisi ni familia. Hatufungiani milango." Alipoanzisha kiwanda aling'oa makomeo yote kwa bisibisi yake, ofisini, stoo, hadi jikoni. Tunatengeneza masinki na vyoo, na choo chetu wenyewe unakitumia huku umenyoosha mguu kuuzuia mlango. Wateja wakisikia hivyo hucheka sana. Mimi niliacha kucheka zamani.

Nitaeleza jinsi mlango usiofungwa ulivyotaka kunimaliza, na nitaeleza kwa hasira, kwa sababu haijaniisha.

Niliolewa katika familia hii nikiwa nimesomea kemia ya kauri, na baba mkwe alinipokea kwa mikono miwili. Aliwatambia marafiki zake kwamba sasa ana mkwe msomi, akanipa chumba cha kona kilichokuwa stoo ya maboksi. Nilikipaka rangi nyeupe, nikaziba kila ufa, nikafungiwa kiyoyozi chenye vichujio vinavyosafisha hewa kabla haijaingia. Kwingine kote kiwandani matanuri yanawachemsha watu, lakini kwangu kulikuwa na ubaridi mzuri na ukimya. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba niliyokuwa nalala.

Kazi yangu ni mirija. Mrija wa kauri, mweupe, mnene kama kidole gumba, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Umejaa vitundu ambavyo jicho halivioni. Nauchovya katika maji maalumu niliyoyapika mwenyewe, na maji yale yakikauka na kuchomwa tanurini yanaacha juu yake utando wa kioo, mwembamba hata ukiugusa huamini kama upo. Utando huo ndio kila kitu. Unapitisha haidrojeni kwa kuwa chembe zake ni ndogo, na unaizuia naitrojeni ambayo chembe zake zimeizidi kidogo tu unene. Ng'ambo ya barabara kuu kuna kiwanda cha mbolea ambacho kila siku kinachoma gesi zake za mabaki juu ya bomba refu, haidrojeni nzuri kabisa imechanganyika na naitrojeni, na moto wake tunauona kutoka kwetu. Wanaichoma kwa sababu hawana njia rahisi ya kuzitenganisha. Walikuwa wanaitaka mirija yangu, ila kwanza iache kuvuja.

Adui yangu ni vumbi. Punje moja ikitua juu ya utando ukiwa mbichi, utando unakauka ukiizunguka, na tanurini unapasuka palepale. Tundu likishapatikana, naitrojeni inapita kama mbuzi kwenye uzio uliobomoka. Kwa hiyo nachovya nikiwa nimejifunika kuanzia nywele hadi viatu, natundika mirija kwenye chanja yake, halafu natoka. Hata mimi natoka, nisije nikapumua juu yake au nikatikisa hewa. Nauvuta mlango, nakwenda kula chakula cha mchana uwanjani na mafundi wa tanuri, na chumba kinabaki peke yake mpaka utando ushike. Mlangoni niliandika kwa herufi kubwa: USIINGIE. Familia nzima inajua kusoma.

Na bado mirija ilivuja.

Mpimaji wa kiwanda cha mbolea ni mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, na wafanyakazi wake wanamwita Mama Rudia. Ukimpa matokeo mabaya anasema rudia. Ukimpa mazuri anasema rudia, huenda umebahatisha. Nilimpenda kwa hilo. Siku moja alikaza mrija wangu ndani ya bomba la chuma, akaupasha moto, akafungua vali, gesi mchanganyiko ikaanza kuingia kwa nje ya mrija. Tulikaa mbele ya mashine inayochambua gesi inayotoka ndani ya mrija. Mstari wa haidrojeni ulipanda vizuri. Roho yangu ikapanda nao. Halafu mstari wa naitrojeni, ambao ulitakiwa ulale chini kabisa, ukaanza kuinuka taratibu.

"Tundu," alisema Mama Rudia.

"Naona."

"Mama, haidrojeni yako ni safi sana. Sijawahi kuona mrija unaopitisha hivi. Lakini ninyi kwenu mnafanyia wapi kazi, barabarani?"

Maneno yale yalinichoma. Aliniambia wakubwa wake wamechoka kusubiri, kwamba atapokea mirija ya mkupuo mmoja tu tena, na ukivuja watatafuta watu wengine. Hakusema kwa ubaya. Nilibeba mrija wangu kwenye kitambaa kama mtu aliyetoka kuzika.

Niliporudi niliuvunja kwa nyundo, nikaweka vipande chini ya hadubini. Na pale, juu ya kioo changu, nikaona vidoa vya bluu. Vidogo sana, kama kumi hivi kwenye kipande kimoja, na kila kimoja kimezungukwa na nyufa kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe. Bluu ile niliijua. Ilikuwa rangi ya masinki mapya ambayo kiwanda kizima kilikuwa kinayahangaikia, rangi ya kobalti inayonyunyiziwa kwa pampu kule mwisho wa banda, na mnyunyiziaji wake ni mume wangu.

Niliwaza kwamba hewa imeileta. Niliwaza kwamba vichujio vimechoka, nikavibadilisha. Niliwaza labda nimeibeba mwenyewe kwenye nywele kwa kuwa nalala kitanda kimoja na mtu wa bluu. Nilianza hata kuoga kiwandani kabla ya kuchovya. Kulikuwa na kitu kingine pia: kiti changu. Nilikuwa nakiacha ukutani, nikirudi nakikuta kimesogea karibu na tundu la hewa. Nilijiambia nasahau. Mtu mzima na akili zangu, nikakubali kwamba siku hizi nasahau nilipoweka kiti.

Baba mkwe alituita ofisini, chai mezani. Alikuwapo wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa mapokezi na kuuza masinki kwa tabasamu tu. Alikuwapo mume wangu, ovaroli lake limeganda rangi hadi magotini. Niliweka kipande cha mrija juu ya karatasi nyeupe pamoja na kioo cha kukuzia, nikawaambia watazame.

"Kuna mtu anaingia chumbani kwangu mirija ikiwa mbichi," nilisema.

"Nani aingie huko?" wifi alidakia haraka. "Kufuata nini, mirija?"

"Kiwanda kizima kina bluu, mwanangu," baba mkwe alisema. "Hata chai hii nadhani ina bluu."

Walicheka. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo.

"Baba, naomba komeo. Moja tu, la ndani."

Kicheko kilikatika. Baba mkwe aliweka kikombe chini, akanitazama kama nimemtukana mama yake.

"Unataka kutufungia mlango? Ndani ya kiwanda hiki?"

"Si ninyi, baba. Vumbi."

"Vumbi halina mikono ya kufungua mlango. Ukisema komeo, unasema sisi." Alivuta pumzi. "Nimekupa chumba, nimekupa kiyoyozi, nimekuvumilia. Kila mkupuo unavuja. Mimi si mtu wa kemia, lakini mtu akivunja masinki kila siku namwita mzembe, simwiti mtaalamu. Wapelekee hao wa mbolea huo mkupuo wa mwisho. Ukivuja, chumba kinarudi kuwa stoo, nawe utakaa mapokezi na wifi yako. Una sura nzuri ya mapokezi."

Mzembe. Neno lile lilikaa mezani pamoja na vikombe. Nilisubiri mume wangu aseme kitu, chochote, hata akohoe. Alikunywa chai.

Wifi alinigusa bega tulipokuwa tunatoka. "Usijali, wifi yangu. Mapokezi kuna kiti chenye mto."

Nilitaka kumtupia huo mto na kiti chake. Nilikwenda dukani nikanunua komeo, lile zito la chuma, pamoja na skrubu zake, na siku iliyofuata nilifika kabla ya watu nikalifunga kwa mkono wangu, upande wa ndani, maana la nje baba mkwe angeling'oa. Shimo la mwisho lilienda mshazari kwa sababu ya haraka. Nilifagia, nikapangusa kuta kwa kitambaa chenye maji, nikaacha hewa itulie. Kisha nikavaa nguo zangu za kazi na barakoa, nikasukuma komeo. Lilitoa mlio mfupi mzuri. Ni mara ya kwanza katika ndoa yangu kusikia mlango ukifungwa.

Nilichovya mrija mmoja mmoja. Unaushusha taratibu, unauhesabia moyoni, unaupandisha taratibu zaidi, maana mkono ukiruka utando unakuwa na mawimbi. Sikuruka. Nikatundika wote kwenye chanja, nikakichukua kile kiti, nikakiweka kona ya mbali ambako mkondo wa hewa haufiki, nikaketi. Safari hii nisingeweza kutoka, kwa kuwa komeo lilikuwa la ndani. Ilibidi nikae bila kutikisika, bila kusema, nikipumua kidogokidogo nyuma ya barakoa, mpaka utando ushike. Ukinijua utajua hiyo ni adhabu gani. Hasira inataka pumzi nyingi, nami nilitakiwa nipumue kama mgonjwa.

Kengele ya chakula ikalia. Nikasikia mafundi wa tanuri wakitoka, sufuria zikigongana uwanjani, kisha kimya.

Halafu nikasikia ndara. Ndara za wifi nazijua, zinaburuta kama mwenyewe anavyoburuta maneno. Zilikuja moja kwa moja hadi mlangoni kwangu, na kitasa kikageuka.

Hakuna kilichofunguka. Kikageuka tena.

"Mbona hivi?" alisema mwenyewe. Alisukuma kwa bega. Nilisikia chupa ya maji ikiwekwa chini.

Nilikaa kitini macho yamenitoka. Sikuwa nimeelewa bado. Nilidhani ananitafuta. Kisha zikaja hatua nyingine, nzito, na sauti ya baba mkwe ikiwa na usingizi ndani yake.

"Pisha basi, jua linaniua."

"Haufunguki, baba."

"Umekwama. Sukuma."

"Nimesukuma."

"Sasa leo nitalala wapi?"

Leo nitalala wapi! Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti anacholalia. Nikatazama lile tundu la hewa baridi. Nikatazama sakafu chini yake, pale kiti kilipokuwa kinahamia. Kumbe akili yangu ilikuwa timamu siku zote. Kumbe nikiwa nje nakula na mafundi, mzee alikuwa humu anakoroma juu ya mirija yangu, na binti yake yuko pembeni anajipepea, anajipaka poda, nani ajue, na wote wawili walikaa mezani wakaniuliza nani aingie huko.

 Nilitaka kuruka, nifungue ule mlango, niwaambie yote tangu siku ya kwanza. Mirija ilikuwa inaning'inia mbele yangu, inang'aa unyevu. Nikashika magoti yangu kwa mikono miwili, nikakaa.

"Yumo ndani," wifi alisema ghafla. "Ametufungia! Baba, ameweka komeo!"

 Kisha ngumi ya kwanza ikatua mlangoni.

"Fungua!"

Mlango ule ni wa mbao nyepesi. Uliruka kwenye fremu, na juu yake nikaona unga mweupe wa ukuta, chembe chache, zikidondoka kutoka pale ambapo fremu inakutana na plasta. Zilidondoka wima, karibu na mlango, mbali na chanja. Bado.

"Unanifungia mimi? Kwenye mali yangu? Nilikuchukua kama mwanangu!"

Ngumi ya pili, ya tatu. Unga ukaongezeka, na safari hii nikaona chembe zikishikwa na mkondo wa hewa zikianza kutembea. Hapo ndipo nilipolia. Nisifiche, nililia, machozi yakiingia ndani ya barakoa, na hata kulia nililia kwa kipimo, bila kwikwi, kwa sababu kwikwi ni upepo. Nikiwaambia waache, natoa pumzi. Nikisimama kuushika mlango, natikisa hewa. Kila nilichoweza kufanya kuiokoa kazi yangu kingeiharibu.

"Leteni nyundo," baba mkwe alisema. "Mlango niliuweka mimi, nitaung'oa mimi."

"Baba, acha."

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Sikumsikia alipofika. Bila shaka zile ngumi zilimwita.

"Usiniambie niache. Mkeo amekosa adabu."

"Baba, unadondosha vumbi. Acha kugonga." Kulikuwa na purukushani, nadhani alimshika mkono. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ile bluu. Ni mimi." Alishusha pumzi, nami nikaacha hata ile yangu kidogo. "Nilikuwa naingia mapema, kabla yenu. Nilikuwa navua ovaroli nalikung'uta mbele ya kiyoyozi, nipate ubaridi mgongoni. Nilijua. Alipoweka kile kipande mezani nilijua palepale."

"Ukanyamaza?"

"Ulisema mzembe. Niliogopa uniite mimi."

 Uwanjani fundi mmoja alikuwa anapiga mluzi huku anaosha sahani. Mimi nilikuwa kwenye kona, na hasira niliyokuwa nayo kwa wale wawili iliondoka yote ikamwendea yeye. Kuingia ningemsamehe. Joto ni joto. Lakini alinisikia nikiitwa mzembe mbele ya baba yake na dada yake, alinisikia nikijilaumu, aliniona naosha nywele kiwandani asubuhi kama mtu mwenye ukurutu, na jibu lilikuwa mdomoni mwake muda wote, akalimeza na chai. Na hata siku ya kulitoa, hakunipa mimi. Alimpa baba yake, mbele ya mlango uliofungwa.

"Basi sote tumeingia," wifi alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ondokeni," baba mkwe alisema. "Ondokeni hapa mlangoni, wote."

Ndara ziliondoka. Viatu viliondoka. Nilibaki nimekaa mpaka mirija ilipopoteza ule mng'ao wa maji na kuwa na rangi tulivu ya maziwa, ndipo nikavua barakoa iliyolowa, nikavuta komeo. Nje hapakuwa na mtu. Chupa ya wifi ilikuwa bado chini. Niliipiga teke ikaenda hadi kwenye tanuri.

Nilichoma mirija mwenyewe, nikakaa na tanuri mpaka lilipopoa lenyewe. Mrija mmoja, uliokuwa karibu na mlango, niliuona chini ya hadubini una punje nyeupe tatu. Ngumi tatu. Niliutenga. Mingine ilikuwa safi.

Mama Rudia alikaza wa kwanza kwenye bomba lake la chuma, akapasha moto, akafungua vali. Mstari wa haidrojeni ukapanda. Wa naitrojeni ukalala. Tuliutazama ukiwa umelala. Aliongeza mgandamizo, nao ukalala. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti lake, akaivaa tena, nikajua anachotaka kusema, nikamtangulia.

"Nirudie?"

"Nirudie mimi," alisema, akachukua mrija wa pili. Ulipolala nao, akachukua wa tatu. Kisha akazima mashine, akaniambia niende nikatengeneze mingine, mingi kadiri chumba changu kinavyobeba. "Ulifanya nini safari hii?"

"Nilifunga mlango."

Alicheka, akidhani namtania.

Nyumbani walinipikia. Wifi alinikumbatia akasema kumbe tunaweza, na hilo "tunaweza" lilinikaa kooni pamoja na chakula. Baba mkwe alisema mbele ya wote kwamba chumba ni changu, stoo watajenga nyingine. Hakusema neno juu ya komeo wala juu ya usingizi wake. Mzee wa namna ile akikubali kosa hulizunguka kwa mbali, na mimi sikuwa na nguvu ya kuzunguka naye.

Mume wangu alisubiri tubaki wawili.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa kuingia."

"Rudi ukafikirie vizuri."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake juu ya mapaja, bluu kwenye kucha ambayo haitoki hata kwa brashi. "Kwa kunyamaza," alisema baadaye.

"Sijakusamehe," nilimwambia. "Nikikusamehe utajua. Leo nina hasira na wewe, na kesho nitaamka nayo, na wewe utaamka ukijua ninayo. Hicho ndicho ninachokitaka kwako kwa sasa, ujue."

Alitikisa kichwa kukubali. Sikuwa nimemwomba akubali, lakini alikubali.

Mkupuo uliofuata ulikuwa mkubwa, chanja mbili zimejaa. Nilichovya hadi mgongo ukaniuma, nikasukuma komeo, nikakaa kwenye kona yangu. Kengele ya chakula ikalia, sufuria zikagongana, kukawa kimya. Nikasikia hatua nzito zikija na zikasimama mlangoni. Nilikazia macho kitasa. Nilijua hata namna kitakavyogeuka, nusu kwanza, kisha kwa nguvu.

Hakikugeuka. Kulikuwa na mguno, wa mtu anayesafisha koo ambalo halina kitu. Kisha vidole viwili viligusa mbao, taratibu sana hata unga wa fremu haukudondoka.

"Hodi," baba mkwe alisema.

Tangu alipoanzisha kiwanda hiki hajawahi kuibishia hodi nafsi hai. Mirija ilikuwa mbele yangu, mibichi, inang'aa. Nikisema karibu, ataingia. Nikisema lolote, natoa pumzi. Na ukweli ni kwamba hata kama ningekuwa na pumzi za bure za kutupa, siku ile nisingempa.

 Nikasikia kitu kikiburutwa sakafuni, ndoo ya rangi nadhani, ikageuzwa kichwa chini, na mzee akaketi juu yake, huko nje kwenye joto.

Nikamwacha akae mpaka mirija ilipokauka.